Kranki ya Injini Nyingine

Baba alianguka bafuni asubuhi moja ya juma la kazi, na jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyemsikia akigonga ukuta kwa kikombe cha kuogea. Hakuvunjika mfupa. Alichubuka kiwiko, akavimba shavu, kisha akamkataza jirani asinipigie simu. Jirani alinipigia kabla hata hajamkalisha vizuri, Mungu ambariki.

Tangu mama afariki, Baba alikuwa akiishi peke yake Makongeni, katika nyumba ileile ya wafanyakazi wa reli aliyotulelea sote. Alikuwa gadi wa treni enzi zake, na bado huamka kana kwamba kuna treni inamngoja. Mimi nakaa mtaa wa Fedha, nyumba ya chini, na chumba cha wageni kinapata jua la asubuhi. Nilikuwa nimemwomba ahamie kwangu hadi ombi likawa kama salamu, yeye akilijibu kama salamu: tutaona, mama, tutaona. Siku hiyo, akiwa amekaa kitandani na pamba shavuni, alikubali.

"Nitakuja, mama," aliniambia. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Lakini gari haitavutwa. Itatoka hapa na nguvu yake, na ni mimi nitaiendesha."

Nilifurahi kijinga. Nilisikia lile neno "nitakuja" tu, na yaliyofuata nikamwahidi upesi, nikiyachukulia kama maneno ya mzee.

Gari lenyewe ni saluni kuukuu, gia ya mkono, injini ya silinda nne yenye kabureta, aina ambayo siku hizi unaiona imeegeshwa juu ya mawe huku kuku wakitagia ndani. Lilikuwa halijatoka nje ya geti tangu lianze kugonga. Ukiliwasha, lilitoa mlio wa mtu anayepiga sufuria kwa mwiko, mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Na mtaani kwetu gari likitoka kwa kamba, watu hutoka milangoni kulitazama, wanaume huvua kofia kwa mzaha, na mtu hupiga kelele, "Pole kwa wafiwa!" Kwa miaka mingi Baba alikuwa mmoja wa waliovua kofia. Hakutaka kuvuliwa yeye.

Nikamwita fundi wetu. Nasema wetu kwa sababu Eastlands fundi wa gari ni wa familia, humwachi hivihivi. Huyu ana gereji ya wazi kando ya barabara, mtaa wa Huruma, na tunasali kanisa moja. Ukipeleka gari kwa fundi mwingine, Jumapili utamkuta mkewe mlangoni akikusalimia kwa upole wa kukuchoma. Ni fundi mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: mdomo wake haujawahi kutamka neno "sijui". Ukimuuliza kama gari litapona, hujibu "hiyo ni kitu kidogo" kabla hujamaliza swali.

Aliishusha injini pale pale uani, akaigeuza juu ya gunia, akaitoa kranki. Kwa asiyejua, kranki ni ule mtaimbo uliopindapinda chini ya injini. Pistoni zikishuka zinausukuma, wenyewe unazunguka, na mzunguko huo ndio unaofika kwenye magurudumu. Mahali pistoni zinaposhikia panatakiwa pawe laini kama kioo. Pale kwetu palikuwa na mikwaruzo unayoweza kuihesabu kwa kucha.

"Tutaichonga," alisema fundi. "Hiyo ni kitu kidogo."

Akaipeleka kwa wenye mashine, akarudi nayo vilevile. Ilikuwa imeshachongwa zamani, tena zaidi ya mara moja, mpaka ikafika saizi ya mwisho. Ukiichonga tena, hakuna beringi nene kiasi cha kuijaza. Na kranki kama ile, ya injini ya kizazi kile, haipatikani tena. Zilizokuwapo zimeshayeyushwa zikawa masufuria.

Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule. Najua kitambaa kikiisha dukani, unatafuta kinachokaribiana. Kwa hiyo fundi aliponieleza kwamba kampuni ilitoa injini hiyohiyo kwa kizazi cha pili, ya kisasa kidogo, bloku yake, yaani kiunzi cha chuma, karibu sawa, na kwamba kranki ya ile huingia kwenye hii, sikuona ajabu. Nikafunga kibanda changu nikaenda mwenyewe kwenye maduka ya spea, kwa sababu nilitaka jambo hili liishe upesi.

Muuzaji alikuwa amekaa juu ya rundo la injini zilizotumika za kutoka Japani. Nilimwonyesha kranki ya Baba. Hakuigusa hata.

"Mathe, hizo zinaingiana," alisema.

"Una hakika? Hii ni ya kabureta."

"Zinaingiana. Kwani ni ndoa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Laiti ningejua, ningehifadhi kicheko changu.

Kranki ile mpya ilikaa kwenye bloku vizuri kabisa. Fundi aliizungusha kwa kidole, akanitazama kama mtu aliyeizaa yeye. Lakini alipotaka kufunga konrodi, vile vikono vinavyoshika pistoni, hazikuingia. Kizazi cha pili walinenepesha mahali pale, kidogo tu, unene wa kadi ya mwaliko, na chuma hakina adabu ya kukubali kidogo. Ilikuwa kama kumvisha mtu mzima shati la mwanafunzi: kifua kinafunga, mikono inagoma. Ikabidi tutafute na konrodi za kizazi cha pili.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa nimejaa maneno. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema, "Si nilikuambia zinaingiana? Zinaingiana na konrodi zake." Akaniuzia konrodi.

Baba alikuwa na subira iliyonishangaza. Kila fundi aliposimama na kujikuna kichwa, Baba alitoka na birika la chai na vikombe, akatandika gazeti juu ya boneti, akawakaribisha wote, fundi na wastaafu wenzake waliokuja kushauri bila kuulizwa. "Chuma haina haraka," aliwaambia. "Hata reli ilijengwa pole pole." Alikuwa amechangamka. Alikuwa anakula. Alianza hata kuwasimulia zile hadithi za treni kukwama porini ambazo sisi watoto tulizikimbia. Mimi nilisimama pale na mkoba begani nikitamani kuimwaga ile chai.

Kwa maana mimi nilikuwa silali. Nilikuwa nampigia kila asubuhi kabla sijafungua kibanda, na asipopokea upesi naona bafu. Naona kigae kilicholowa na kikombe cha kuogea. Siku moja hakupokea kabisa. Niliacha sketi ya mteja chini ya sindano nikapanda pikipiki hadi Makongeni, nikamkuta ameketi uani anamwangalia fundi akisugua pistoni, simu iko ndani chini ya mto. Nilipoingia jikoni kumtafutia maji, nilikuta sufuria ya maharagwe imeungua mpaka imekuwa nyeusi ndani na nje, na gesi bado inawaka.

"Baba! Ungechoma nyumba!"

"Sufuria ni sufuria, mama. Tutanunua ingine."

"Nani amezungumzia sufuria?"

Nilitoka nje nikamwambia fundi kwamba gari litavutwa kesho, iwe isiwe, nitatafuta kamba mwenyewe, na anayetaka kuvua kofia avue na suruali. Wastaafu walitazama chini. Baba alivuka ua kwa hatua zake za siku hizi, za kupima, akafungua mlango wa lile gari lisilo na injini, akakaa kwenye usukani. Akaufunga mlango. Alikaa humo hadi nikaondoka. Nilipopiga hodi kwenye kioo, alikiteremsha kidogo akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Mimi nilikuahidi. Wewe pia kumbuka yako."

Nilikasirika njia nzima hadi Fedha. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia fundi, nikawakasirikia Wajapani kwa kunenepesha chuma. Lakini maji nilishayavulia nguo, sikuwa na budi kuyaoga.

Konrodi zilipokaa, ikaja zamu ya flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa nyuma ya kranki. Ya zamani ilikuwa na tundu sita za bolti. Kranki ya kizazi cha pili ilitaka nane. Nilimuuliza fundi kwa nini hakuzihesabu siku ile ya kwanza, maana kuhesabu hadi nane hata watoto wa chekechea wanaweza.

"Madam, hiyo ni kitu kidogo."

"Usiniambie tena kitu kidogo. Niambie sijui. Sema tu: mama, sijui. Nitakuheshimu zaidi."

Alinitazama kama mtu niliyemwomba avue viatu madhabahuni. "Flaiwili nitapata," alisema. Na kweli aliipata, ikiwa na tundu nane, kutoka kwa mtu anayemjua mtu. Hilo ndilo linalokera kuhusu mafundi wetu: ukishaamua kwamba ni waongo, wanafanya walilosema.

Basi ikafika siku ya kurudisha gia boksi. Injini ilikuwa imeshapanda mahali pake, imefungwa, imepakwa rangi ya fedha ambayo hakuna aliyeiomba. Kilichobaki ilikuwa kuisukuma gia boksi ikutane na injini. Wanaume walilala chini ya gari, wakahesabu, wakasukuma. Haikufika. Ilibaki nafasi ya kuingiza vidole viwili. Wakatoa, wakapaka grisi, wakasukuma tena. Mmoja akasema klachi imekaa upande. Mwingine akasema tuivute kwa bolti itaingia yenyewe, na fundi akamzuia, na hapo nikajua mambo ni mabaya, maana fundi wetu hazuii kitu.

Alitoka chini ya gari na tochi. Kisha akanionyesha. Nyuma ya kranki ya zamani, katikati kabisa, kuna shimo lenye kibushi cha shaba, na ncha ya shafti ya gia boksi hukaa humo na kuzunguka. Kranki mpya ilikuwa na alama tu ya shimo, kama kitovu. Haikutobolewa. Kizazi cha pili, zile injini zote zinazoletwa kwetu kutoka Japani, zilitolewa kwenye magari ya otomatiki, na otomatiki haina haja ya shimo hilo. Kule kiwandani mtu aliona hakuna sababu ya kutoboa. Sisi ndio watu wa pekee duniani tunaochukua moyo wa gari la otomatiki na kuutia kwenye kifua cha gari la gia ya mkono, halafu tunasimama uani tukishangaa.

Mzee mmoja, mstaafu wa karakana, alitoa wazo mara moja. "Kateni hiyo ncha ya shafti. Itaingia."

Msumeno wa chuma ulikuwa tayari mkononi mwa fundi. Naapa alikuwa ameshapiga goti.

"Ukikata hiyo ncha," nilimwambia, "nitakukata wewe." Sijui nilijuaje. Nilijua tu kwamba ukipunguza suruali ya mtu kwa sababu meza yako ni fupi, suruali ndiyo itakayolia. Nikawaambia waishushe injini tena, watoe kranki, waipeleke kwa mwenye mashine ya kukereza, atoboe shimo linalotakiwa. Fundi akasema hiyo ni kazi ya kuanza upya. Nikamwambia basi aanze upya. Sauti yangu ilivunjika katikati ya neno, mbele ya wanaume wote wale, na nilichukia hilo kuliko yote.

Baba alitoka na birika. Alikuwa amevaa sweta yake ya kijani na alikuwa karibu kutabasamu. Aliniwekea mkono begani. "Pole, mama," alisema. "Hata tukae mpaka Krismasi, si ni sawa tu?"

Nilidhani ananifariji.

Fundi alitoweka na kranki, akawa anapokea simu zangu kwa kusema "niko kwa laini ya mashine" na "kesho asubuhi" na "imebaki tu kusafisha". Kila siku ilikuwa kesho asubuhi. Mimi huku nilikuwa nimeshapaka chumba cha Baba rangi, nimefunga vyuma vya kushikia bafuni, nimenunua godoro gumu analolipenda. Kile chumba kikiwa kitupu kilinitia wasiwasi. Nilikuwa naufunga mlango wake nikipita.

Halafu, Jumamosi moja ambayo sikutarajia chochote, fundi alinipigia yeye. "Madam, kuja uskie kitu."

Nilipofika Makongeni nilisikia kabla sijaona. Injini ilikuwa inanguruma uani, mngurumo mdogo, sawasawa, bila kugonga. Fundi alikuwa ameweka kikombe cha maji juu ya injini na maji hayakuwa yanatikisika sana. Wastaafu walikuwa wamesimama wamevua kofia, safari hii bila mzaha. Jirani yule wa chumvi alipiga vigelegele. Nilimshika fundi mkono wenye grisi kwa mikono yangu yote miwili, nikasahau kila jina nililowahi kumwita moyoni.

"Baba yuko wapi?"

"Mzee aliingia ndani nikiiwasha tu."

Nilimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda. Sanduku nililompangia majuma mengi nyuma lilikuwa wazi miguuni pake, na nguo zake zilikuwa zimerudi zote kwenye misumari ya ukutani, shati juu ya shati. Alikuwa ameweka mikono yake magotini. Mngurumo wa gari ulikuwa unapita ukutani, laini, hauchoki.

"Baba, umeisikia? Imekubali!"

"Nimeisikia."

"Basi mbona umekaa?"

Aliutazama ukuta, upande ule ambako kitanda cha mama kilikuwa.

"Nilidhani mtakaa nayo zaidi," alisema.

Nilibaki mlangoni. Chai yote ile, hadithi za treni, uchangamfu ule kila chuma kilipokataa chuma kingine; mimi nilikuwa napigana na kranki, na yeye alikuwa upande wa kranki. Nilipandwa na hasira, nikaitafutia pa kuielekeza nikakosa. Nilitamani kumwambia kuhusu sufuria na gesi na simu chini ya mto. Nilitamani kumwambia aningojee kidogo, nilie kwanza.

Badala yake nilitoka nje haraka, nikamvuta fundi kando ya tangi la maji.

"Izime," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Mwambie mzee kuna kitu haijakaa sawa. Irudi kwenye gunia. Juma moja tu. Mawili."

"Kitu gani haijakaa sawa?"

"Chochote. Wewe si fundi? Tafuta."

Uso wake ulibadilika. Alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, huku akinitazama kama mtu niliyemtukana mbele ya mkewe. "Madam, hii kazi nimefanya poa. Skiza hiyo injini. Siwezi sema iko na shida na haina."

"Nakuomba."

"Madam, mimi siezi danganya mzee."

Miezi hii yote! Kesho asubuhi, imebaki kusafisha, kitu kidogo. Mtu aliyenidanganya bila hata kupepesa, na leo ninapohitaji uongo mmoja, wa kumpa mzee wangu siku chache na ukuta wake, ndiyo leo ameokoka. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie hivyo, kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, mlango wa nyumba ulipofungwa nyuma yetu.

Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye dawa zake na slipa, basi. Nguo zote alikuwa ameziacha ukutani. Alifunga kufuli, akaijaribu kwa kuivuta, akatia funguo mfukoni. Hakumtazama mtu. Wastaafu wenzake walimpisha njia. Alipita kati yangu na fundi, akaingia kwenye usukani, akasogeza kiti, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, na gia ikaingia bila kelele.

Kisha akainama kuelekea upande wa abiria, akanifungulia mlango kutoka ndani.

"Panda, mama," alisema. "Panda kabla sijabadilisha nia."